Nimesaini kama "msimamizi wa usingizi" na usingizi siujui. Ikifika mahakamani nabeba mimi?

DaktariWaZamu

Heshima kwenu wakuu. Naomba mawazo ya wanasheria na ya watu wa usingizi kama wapo humu. Vitu vidogo nimevigeuza ili mtu asitambulike, ila kisa ndicho.

Mimi ni daktari wa kawaida, si bingwa wa chochote. Nipo hospitali ya wilaya, huu mwaka wa tatu. Upasuaji wa uzazi nafanya mwingi, ngiri pia, na mara mojamoja utumbo uliojisokota. Usingizi nilisoma wiki chache chuoni, na mwaka wa mafunzo kwa vitendo nikaukwepa kama wengi tulivyoukwepa. Sindano ya mgongo nachoma kwa kubahatisha. Kupitisha mpira kooni, mara ya mwisho nilimfanyia mwanasesere.

Daktari wa usingizi hapa hatuna. Tuna sista mmoja, muuguzi aliyesomea usingizi, mkongwe kazini. Mwenzake yuko masomoni, kwa hiyo huyu ndiye wa mchana, ndiye wa usiku, ndiye wa sikukuu. Ananizidi kila kitu katika eneo lake na wote wawili tunalijua hilo.

Sasa fomu yetu ya usingizi, chini kabisa, ina mstari umeandikwa "Daktari msimamizi wa usingizi, jina na saini". Aliyeuweka simjui. Fomu ni kopi ya kopi mpaka herufi zimefifia. Huwa naisaini palepale ninaposaini ridhaa, kabla hata sijanawa. Miaka mitatu sijawahi kujiuliza namsimamia nani, katika nini.

Usiku wenyewe. Saa nane na kitu naamshwa, mama wa mimba ya tatu, ana kovu moja la upasuaji, uchungu umekwama tangu jioni. Nafika, sista ameshatangulia, dripu mbili zinakwenda. Anamkalisha, anamwinamisha, anamchoma mgongoni bupivakeini, dawa ya ganzi, mililita 2. Analazwa, kabali chini ya nyonga ya kulia, ganzi inapanda, nakata. Mtoto anatoka amelegea, halii. Muuguzi anayezunguka anamkimbiza kwenye meza ya joto. Umeme ukakatika hapo hapo.

Jenereta yetu huwaka mlinzi akishaamka. Tukabaki na taa ya betri na oksimita ya kidole, kile kipimo cha oksijeni ya damu, ambayo nayo ina betri yake. Mashine ya oksijeni ikanyamaza. Kulikuwa na mtungi wa akiba ukutani, sista akaufungua: mtupu. Presha ilikuwa imeshuka hadi 70 kwa 40 na efedrini, dawa ya kupandisha presha, alikuwa ameshampa. Akatoka kufuata mtungi mwingine stoo. Mimi nashona mfuko wa uzazi, upande wa kushoto bado unavuja.

Kilichonishtua ni rangi. Damu iliyokuwa ikija nyekundu ikaanza kuja na weusi, kama juisi ya rozela. Nikamwita mama kwa jina, kimya. Nikaacha sindano inaning'inia na uzi wake, nikaenda kichwani na glavu zile zile, nikamwinua taya, nikatafuta mfuko wa kupumulisha. Nikaukuta umefungwa ndani ya nailoni, na nailoni ukiwa na glavu zenye damu haifunguki, inateleza tu. Nikaing'ata. Sista akaingia anauburuta mtungi, akanisukuma kwa bega, akaichukua kazi. Dakika 4 hivi tangu atoke, labda 5. Moyo haukusimama. Nikabadili glavu na gauni, nikarudi kumaliza kushona huku mikono inatetemeka.

Mama yupo hai. Mtoto naye yupo, ananyonya. Lakini mama alizinduka amechanganyikiwa siku mbili, na leo wiki ya tatu mumewe anasema anasahau. Anabandika sufuria na kuondoka, mpaka jirani anasikia harufu. Mume ameandika barua kuomba nakala ya faili na maelezo ya "nani alikuwa anasimamia dawa ya usingizi". Mganga mfawidhi kafungua faili, kakuta saini yangu. Alinipigia, hakunifokea, akasema tu: "Daktari, humu msimamizi ni wewe. Andika maelezo."

Swali langu: kosa la sista, kama ni kosa, ni langu? Na nikigoma kuisaini fomu ile kuanzia kesho, mama wa kesho kutwa atapasuliwa na nani?

Kipara1

Pole mkuu. Thieta, chumba cha upasuaji, ni jahazi na daktari ndiye nahodha. Jahazi likizama nahodha haulizwi kama kasia lilikuwa mkononi mwake. Hata Wamarekani wana sheria hiyo hiyo, kapteni wa meli. Tafuta wakili.

Mama Kaputi

Daktari, pole na kazi. Nimestaafu. Nimetoa usingizi miaka 31, nimeanza enzi za mashine ya etha, dawa ya usingizi ya kuvuta, thieta nzima inanuka na wewe mwenyewe unarudi nyumbani kichwa kinakuuma. Nimefanya kazi na madaktari, na madaktari wasaidizi, na wazungu waliokuja wiki mbili mbili. Wote hao walinisimamia kwenye karatasi. Waliokuwa wanajua ninachofanya naweza kuwahesabu kwa mkono mmoja na kidole gumba kikabaki.

Nianze na neno lako lililonichoma: "kosa la sista". Umeandika kisa kirefu, kisu chako kimeeleweka, mikono yako imeeleweka, hata mtoto. Sista kaja kwenye sentensi mbili: "akaufungua, mtupu" na "akatoka". Kamati ikisoma maelezo ya namna hiyo itaona mwanamke mmoja amekimbia mgonjwa wake.

Lake lipo, silifichi. Mtungi wa akiba hufunguliwa kabla mgonjwa hajaingia, unatazama saa ya mtungi mshale uko wapi. Mfuko wa kupumulisha unakaa umefunguliwa, barakoa imeshawekwa, pembeni ya kichwa, hata kama ni sindano ya mgongo tu. Hasa kama ni sindano ya mgongo tu, maana hapo ndipo watu hujisahau. Na kanuni ya kwanza niliyofundishwa, na ambayo hata miongozo ya WHO na shirikisho la dunia la watu wa usingizi ya mwaka 2018 inayo, ni kwamba mtoa usingizi haondoki kichwani. Nje nyumba ikiungua, haondoki.

Lakini nawe niambie. Usiku ule nje palikuwa na nani? Palikuwa na mlinzi. Mfagizi hakuwepo? Mume wa mama hakuwa amekaa kwenye benchi mlangoni? Mtungi unaburutwa na mtu yeyote mwenye mikono. Taya la mgonjwa haliinuliwi na mtu yeyote. Mkagawana kazi kinyume, mwenye ujuzi akaenda stoo.

Maswali yangu mawili, na uyajibu kwa moyo safi. La kwanza: alipotoka alikuaga? Ukamjibu nini? La pili: oksimita ilikuwa inalia sauti gani? Usiniambie huikumbuki. Mlio ule hushuka ngazi, ti, ti, tu, tu, kadiri oksijeni inavyoshuka, na kila aliyesimama thieta mwaka mmoja anaujua hata akiwa usingizini.

Wakili_Mkongwe

Nimeshika kesi za hospitali upande wa wadai, na mara mbili upande wa hospitali, kwa hiyo lawama za pande zote nimezizoea. Ninayoandika ni ya jumla. Wewe tafuta wa kwako ambaye ataliona faili.

Kipara1 kakosea. Sheria yetu ya uzembe haina nahodha. Inauliza nani alikuwa na wajibu kwa mgonjwa huyu, alifanya nini au aliacha kufanya nini, na madhara yametokana na hilo au na jingine. Kila mtu kwa kipimo cha kazi yake. Kipimo hicho tumekipata kwa Waingereza, kesi ya Bolam ya 1957: unapimwa kwa mtu mwenye ujuzi wa kawaida wa taaluma yako. (Hukumu za Waingereza za baada ya tarehe 22 Julai 1920 hazitufungi, lakini mahakama zetu huzipa sikio.) Daktari, hutapimwa kama bingwa wa usingizi. Utapimwa kama daktari wa wilaya ambaye yuko peke yake saa nane usiku.

Jambo la pili watu hulichanganya sana. Kosa la mtumishi hupanda kwenda kwa mwajiri, haliendi pembeni kwa mtumishi mwenzake. Wewe unamwamrisha sista, sawa, lakini humlipi mshahara. Nyote wawili mnalipwa na mfuko mmoja. Kuna kesi ya Cassidy ya 1951, mtu aliingia hospitali kutibiwa vidole viwili vilivyokakamaa, akatoka na vinne. Mahakama ya Rufani haikumlazimisha aonyeshe kwa kidole ni daktari yupi au muuguzi yupi alimharibu. Wote walikuwa watumishi wa hospitali, basi hospitali ieleze. Mume wa huyu mama akipata wakili anayejua kazi, atawafuata halmashauri na Mwanasheria Mkuu wa Serikali, ataanza na notisi ya siku 90, na ana miaka 3 tangu tukio. Jina lako linaweza kuongezwa, ila anayetafuta fidia hutafuta palipo na hazina.

Sasa dhima yako binafsi inatoka wapi? Inatoka kwa ulichofanya wewe, ulichoamuru wewe, na ulichokijua ukaendelea nacho. Saini yako haikugeuzi mtoa usingizi. Ni ushahidi tu kwamba ulikubali kuitwa msimamizi, na wakili wa mdai ataichukua akuulize kwa upole: "Daktari, ulisimamia nini?" Ukijibu "nilikuwa najaza fomu", umejimaliza kwa kinywa chako. Ukijibu "nilimwamini mtu aliyefuzu, na nilihakikisha yuko kichwani", hapo una la kusimamia, mradi iwe kweli. Ndiyo maana swali la Mama Kaputi la kwanza ni zito kuliko fomu yote. Mimi ningeliuliza hilo hilo, ila ningekuuliza ofisini mlango umefungwa.

Jinai usiiogope bure. Kesi inayotajwa siku zote ni ya Adomako, iliyofika House of Lords, wakati ule mahakama ya juu kabisa ya Uingereza, mwaka 1994. Yule alikuwa daktari mwenyewe wa usingizi, upasuaji wa jicho, mpira wa hewa ukachomoka kwenye mashine. King'ora kilikuja kulia baada ya kama dakika 4 na nusu, na hata kilipolia alihangaika na mashine ya presha na atropini, dawa ya kuharakisha moyo, mpira hakuukagua mpaka moyo ukasimama. Mgonjwa akafa. Wakasema uzembe wa kawaida hautoshi kumtia mtu hatiani kwa kuua bila kukusudia, lazima uwe umekithiri kiasi cha kuitwa jinai. Mgonjwa wako yuko hai, hata swali hilo halijafika.

Yatakayokusumbua ni mabaraza. Wewe uko chini ya Baraza la Madaktari Tanganyika, sheria ya 2017. Sista yuko chini ya Baraza la Uuguzi na Ukunga, sheria ya 2010. Nyumba mbili, maelezo mawili. Mkisukumiana, kila mmoja atakuwa ameandika ushahidi dhidi ya mwenzake.

Na faili usiliguse. Chati ya usingizi ikiwa na pengo la dakika 5 hapo umeme ulipokatika, liache pengo. Ukitaka kuongeza kitu, andika karatasi mpya, weka tarehe ya leo na saa ya leo, useme unaandika leo. Nimeona kesi nzuri ikifa kwa sababu ya kalamu ya bluu juu ya nyeusi.

DaktariWaZamu

Shikamoo Mama Kaputi. Nimelala na maswali yako siku mbili.

Aliniaga. Alisema, "Daktari, mtungi mtupu, nafuata mwingine." Nikamjibu, "Nenda, fanya haraka." Sikuinua hata kichwa. Kwenye post ya kwanza nimeandika "akatoka". Nimeisoma tena leo na nimeona nilivyojitoa.

Oksimita niliisikia. Ilishuka. Nilikuwa na akili ya kusema damu hii kwanza, halafu mengine, na nilidhani kidole cha mama kimepoa tu kwa sababu ya presha. Huwa inafanya hivyo. Mtu wa kichwani ndiye huwa ananiambia ni kidole au ni mgonjwa, na mtu wa kichwani nilikuwa nimemtuma stoo.

Mume alikuwa kwenye benchi, ndiyo. Na mlango wa thieta ulikuwa wazi.

Wakili_Mkongwe

Hayo ndiyo maelezo. Kayaandike kwenye karatasi na uache kuyaandika humu. Haya ya humu usiyafute, maana kufuta nako ni ushahidi.

Kibosho_Iowa

Nimepita kimyakimya siku zote, leo naandika. Shikamoo mama. Mimi nimezaliwa Kibosho, nimesomea uuguzi Moshi, sasa ni muuguzi wa usingizi huku Iowa, Marekani, hospitali ya vitanda 25 katikati ya mashamba ya mahindi. Daktari wa usingizi kwetu hayupo, kama kwako. Tofauti ni kwamba mtungi wangu una mshale, na umeme ukikatika jenereta inajiwasha yenyewe, haingoji mlinzi.

Swali lako ndilo swali ambalo kila daktari mpasuaji mgeni huniuliza hapa, kwa adabu, kabla ya kahawa: "Nikifanya kazi na wewe bila daktari wa usingizi, likitokea la kutokea, ni juu yangu?" Wamarekani wamegombania hili karibu miaka mia. Mwaka 1936 Mahakama Kuu ya California iliamua kesi ya Dagmar Nelson, muuguzi wa Hospitali ya St. Vincent's, Los Angeles. Madaktari wa usingizi walimshtaki kwamba anafanya udaktari bila leseni. Wakashindwa. Mahakama ikasema anafanya chini ya maelekezo ya daktari anayepasua, kwa hiyo si udaktari. Wauguzi tulishangilia, lakini tazama kilichojificha humo: tulipata kazi kwa kusema kwamba anayetuongoza ni mwenye kisu. Wenye kisu wakaanza kuogopa tangu siku hiyo.

Kuhusu kapteni wa meli, Kipara1, maneno hayo yalipata umaarufu Pennsylvania mwaka 1949, na kesi yenyewe haikuwa hata ya usingizi. Mtoto mchanga alitiwa dawa ya macho na daktari wa mafunzo kwa vitendo, ikazidi, akapoteza jicho. Wakati ule hospitali za hisani za jimbo lile hazikushtakika, basi mahakama ikamtafuta mtu ambaye anashtakika, ikamkuta daktari wa uzazi, ikamvisha kofia ya unahodha. Hospitali zilipoanza kushtakika, kofia ikaanza kukosa kazi. Texas waliitupa rasmi mwaka 1977, kesi ya kitambaa kilichosahaulika tumboni. Siku hizi majimbo mengi yanauliza kitu kimoja: kitendo kile chenyewe kilichodhuru, nani alikuwa amekishika? Daktari akimwachia muuguzi kazi yake, kazi ni ya muuguzi. Daktari akisema "mwongeze dawa", au "endelea tu", au "nenda", sehemu hiyo ameichukua.

Kwa hiyo daktari, samahani, lakini saini yako ni nyepesi kuliko neno lako moja.

Kuna upande wa hospitali pia, na huu nadhani kamati yenu hawajaufikiria. Kanuni ya serikali kuu hapa, kwa hospitali zinazolipwa na bima ya wazee, inataka muuguzi wa usingizi asimamiwe na daktari anayepasua au daktari wa usingizi, isipokuwa gavana wa jimbo ajitoe. Ruhusa ya kujitoa ilikuja Novemba 2001, na Iowa ilikuwa ya kwanza, mwezi uliofuata. Sababu ni hii hii: vijijini hakuna wa kusimamia, na watu walichoka kuandika usimamizi ambao haupo. Texas haikujitoa. Na huko mwaka 1997 mahakama ya rufaa ya Fort Worth iliibana hospitali moja ya Denton. Mama alipata madhara ya ubongo kwenye upasuaji wa uzazi, muuguzi wa usingizi alikuwa peke yake. Hospitali ilikuwa na sera yake yenyewe iliyotaka daktari wa usingizi asimamie, na ikaacha mambo yaende bila sera hiyo. Dhima ikakaa kwa hospitali moja kwa moja, kwa kosa lake yenyewe la kuandika hivi na kutenda vile.

Sasa rudi kwenye fomu yenu, kopi ya kopi. Mstari ule unasema kuna daktari msimamizi wa usingizi. Hayupo, na hospitali inajua hayupo, na inakusanya saini kila usiku kuonyesha yupo. Mimi ningekuwa mganga mfawidhi ningeuogopa mstari ule kuliko barua ya mume.

Hapa kwetu karatasi ina mstari wa jina la mtoa usingizi, anajitia mwenyewe, na mstari wa daktari anayepasua anathibitisha kwamba amemwona mgonjwa na upasuaji unahitajika. Kila mtu anasaini kitu anachokijua. Na kabla ya kisu daktari wangu ananitazama usoni. Ni mzee, ana nyusi kama brashi. Hasemi kitu, anainua nyusi, nami nikitikisa kichwa ndipo anakata. Siku moja nilikataa kutikisa, mgonjwa alikuwa amekunywa maziwa asubuhi na ameficha. Alivua glavu akaenda kunywa kahawa.

Mama Kaputi

Mwanangu wa Kibosho, marahaba, na huyo mzee wa nyusi mnipe hapa.

Daktari, umejibu vizuri. Nimekuwa nakukasirikia siku mbili, sasa basi. Nakwambia kitu ambacho sista wako hatakwambia. Alipokuaga, alikuwa anakuuliza. Muuguzi hamwambii daktari "niende au nibaki?" Tumefundishwa kutosema hivyo. Anasema "nafuata mtungi" halafu anangoja nusu sekunde. Ile nusu sekunde ndiyo usimamizi, hakuna mwingine. Ungesema "usitoke, mwite mume wa mama aulete," angebaki. Wala haikuhitaji uijue dawa yoyote.

Umeshaongea naye? Sisemi kumwuliza. Namaanisha kuongea.

Halafu: ufunguo wa stoo ya oksijeni usiku unakaa na nani?

DaktariWaZamu

Wakuu, narudi kutoa mrejesho, nao ni wa mwisho kwa ushauri wa wakili.

Niliongea naye juzi jioni, nje, chini ya mwembe wa wodi ya watoto. Nilikuwa nimeandaa maneno. Kabla sijaanza akatoa kwenye mfuko wa gauni karatasi imekunjwa mara nne, maelezo yake. Hakuandika kwamba nilimwambia nenda. Ameandika: "Niliondoka kichwani kwa uamuzi wangu." Nikampa yangu akasoma. Akakaa kimya, akasema, "Basi na mimi nibadilishe." Nikamwambia asibadilishe, aongeze karatasi ya pili, aweke tarehe ya leo.

Ufunguo ulikuwa unakaa na mlinzi, Mama. Sista alimwamsha kwanza ndipo akafungua. Kati ya zile dakika 4, mbili zilikwenda hapo, na ndizo dakika ambazo jenereta nayo ilikuwa inamngoja mlinzi huyo huyo.

Mganga mfawidhi ameisoma hoja ya Iowa kuhusu fomu. Nilimwonyesha kwenye simu, akaomba nimtumie. Mstari bado upo, kikao ni Jumanne. Jana usiku nilikuwa na mama mwingine. Sista alifungua mtungi mbele yangu, mshale ukapanda. Mfuko wa kupumulisha ulikuwa pembeni ya kichwa, hauna nailoni. Kwenye mstari wa msimamizi nikaandika "Daktari anayepasua" na jina langu, nikakata neno "usingizi" kwa mstari mmoja unaosomeka, nikaweka saini ndogo pembeni na saa. Halafu nikamtazama. Nyusi sina, ikabidi niseme: "Sista, tuanze?"

Akasema, "Bado. Ngoja ganzi ipande."

Nikangoja.